Ari ya wafanyakazi: dhana potofu za mameneja na ukweli wake

Dhana: Ongeza mshahara, ari itapanda.
Mshahara duni au unaochelewa huvunja watu moyo, hilo halina ubishi. Ila ukilipa vizuri unanyamazisha manung'uniko tu. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Walioeleza nyakati za kufurahia kazi walitaja mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Walioudhika walitaja sera za kampuni na usimamizi. Mbinu hiyo imekosolewa, maana binadamu hujipa sifa mambo yakienda vizuri na kulaumu wengine yakiharibika. Hata hivyo, meneja asikimbilie kwenye pesa kabla ya kuutazama usimamizi wake.

Dhana: Bonasi haina madhara.
Mlipe mhudumu wa simu kwa idadi ya simu, naye atazikata mapema. Mteja yuleyule atapiga tena kesho, na takwimu zitapendeza. Kipimo cha wingi kiambatane na cha ubora, mfano matatizo yaliyoisha kwa simu moja.

Dhana: Anayenyamaza kikaoni ameridhika.
Mara nyingi ameshapima akaona kusema hakuna faida. Kikao cha wote hakitamfungua. Kaeni wawili, dakika 30 kila baada ya wiki mbili, yeye aanze kuzungumza. Usiulize "Kuna tatizo?", kwa kuwa jibu ni "Hapana, bosi." Uliza: "Wiki hii ni nini kilikukwamisha zaidi?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikuchoma. Andika kikwazo kimoja unachoweza kukiondoa, taja tarehe ya kumpa jibu, na siku hiyo mrudie hata kama jibu ni "haiwezekani". Vikao hivi hufa kwa sababu tatu: meneja huviahirisha kila mara, huvigeuza kuwa ripoti ya kazi, au, na hili ndilo baya kuliko yote, alichoambiwa kwa siri hukitumia kwenye tathmini ya mwaka. Likitokea hilo mara moja, timu nzima itajua kabla ya jioni.

Dhana: Maoni yoyote kuhusu kazi humsaidia mtu.
Watafiti Kluger na DeNisi walipochambua tafiti nyingi mwaka 1996, waligundua kuwa katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, maoni yalishusha utendaji. Hatari huongezeka maoni yanapomgusa mtu badala ya kazi. "Huna umakini" humfanya ajitetee. "Ripoti ya Jumanne ilikosa jedwali la gharama, idara ya fedha ikashindwa kuidhinisha malipo" humwonyesha pa kurekebisha.

Dhana: Asiyefikia lengo ni mvivu.
Kagua kwanza kama anajua anachotakiwa kufanya, kama ana vifaa na muda, na kama alifundishwa. Mwambie aeleze lengo kwa maneno yake. Akieleza tofauti na ulivyokusudia, suala la ari liweke kando kwanza.