Huduma ya lazima ya wanafunzi vijijini: ni nini, na nini huiharibu

Viko vyuo vikuu visivyomtunuku mwanafunzi shahada mpaka aishi kijijini kwa muda na afanye kazi pamoja na wenyeji. Utaratibu huo ndio huduma ya lazima ya wanafunzi vijijini. Indonesia wanauita Kuliah Kerja Nyata. Ulianza kwa majaribio mwaka 1971 katika vyuo vitatu, kimojawapo Gadjah Mada cha Yogyakarta. Wanafunzi wa fani mbalimbali huchanganywa kundi moja, wakahamia kijijini kwa kiasi cha mwezi mmoja na nusu au miwili chini ya mwalimu msimamizi, na kazi yao ikahesabiwa kama somo lenye alama.

Kila nchi ina namna yake. Mexico huweka kiwango cha chini cha saa 480, na wanafunzi wa udaktari wamo katika mpango huo tangu 1936. Chuo Kikuu cha Haile Selassie I cha Ethiopia kilianza mwaka 1964 kuwapeleka wanafunzi mikoani kwa mwaka mzima kabla ya kumaliza shahada, wengi wao wakifundisha skuli. Mpango wa Nigeria wa 1973 ni wa waliokwisha kuhitimu.

Mwanafunzi wa Zanzibar anaijua zaidi fildi. Fildi humpeleka mmoja mmoja kwenye ofisi, skuli au hospitali ajifunze kazi ya fani yake. Huduma ya kijijini hupeleka kundi, na kazi huanzia kwenye haja ya wanakijiji, si kwenye silabasi. JKU, yaani Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, nayo ni mbali: ile ni jeshi, ina kambi na amri zake.

Neno "lazima" lina uzito wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kulitumikia taifa, khasa kipengele cha kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Kumlazimisha mtu bila ya kukubaliana naye juu ya posho, chakula na malazi ni kuupanda mgogoro kabla kazi haijaanza. Upande wa kijiji pia kuna lazima isiyosemwa: familia inayopokea wageni kwa wiki saba inalisha. Mchele, mafuta na maji ya kununua vilipwe na chuo, tena mwanzoni, wala si kwa kurejeshewa.

Tuchukue mfano wa shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar, ya wakulima wa mwani, Pemba au mashariki ya Unguja. Kundi la watu wanane hadi kumi na wawili linatosha; likizidi, kijiji kinageuka dakhalia. Msimamizi aende mwezi mmoja kabla. Ataanza kwa sheha, kiongozi wa shehia, lakini asiishie kwake: sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na pale siasa ilipowagawa watu, mradi uliopitia mlango mmoja hususwa na nusu ya mji. Apige hodi pia kwa imamu, kamati ya maji, mwalimu mkuu na vikundi vya akina mama.

Kalenda ndiyo inayokosewa zaidi. Bamvua likifika, maji yakakupwa mbali, akina mama wako pwani kufunga na kuvuna mwani. Mkutano ukiitishwa siku hizo watakuja wanaume, na wanafunzi wataandika kuwa "wanajamii" wameamua. Mikutano iwekwe maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana. Msimu wa karafuu Pemba ni vivyo hivyo: mchana watu wamo juu ya mikarafuu, usiku wanachambua makonyo.

Wiki ya kwanza ni ya kutembea, kusikiliza na kupima. Ya pili ni ya kuchagua kazi moja, moja tu. Tuseme ni vichanja vya kuanikia, kwa sababu mwani ulioanikwa chini hushika mchanga na thamani yake ikashuka. Kabla ya kukata boriti ijulikane kichanja kitajengwa kwenye ardhi ya nani, zamu zitakwendaje, na wavu ukitoboka nani atanunua mwengine. Maswali haya matatu yanachosha kuliko ujenzi wenyewe, na miradi mingi hufia hapa: wanafunzi hujenga kwa haraka wapate picha za ripoti, kisha, ikiwa mradi ni wa maji, pampu inaharibika kifaa kimoja na hakuna anayejua kinauzwa wapi. Vijana wa kijijini wajenge pamoja nao tangu siku ya kwanza, ili ufundi ubaki.

Takwimu zilizokusanywa zisomwe mbele ya mkutano wa shehia kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwa sheha. Alama nazo zisitolewe siku ya kuaga. Nusu itolewe kwa ripoti, nusu baada ya miezi mitatu, msimamizi akirudi kuangalia kama vichanja bado vinaanikiwa mwani.