Kitalu cha uwindaji: maana yake, na mahali tuhuma zinapoanzia

Ukitamka "kitalu" Urambo au Kaliua, mkulima anakuelewa papo hapo: ni tuta la miche ya tumbaku, limefunikwa nyasi, linamwagiliwa kwa keni asubuhi na jioni mpaka miche ikomae. Miche ni yake, na ikioza hasara ni yake. Neno hilohilo likiingia porini hubadilika maana kabisa. Wengi wetu Tabora tumeishi jirani na vitalu vya aina hiyo ya pili miaka nenda rudi, bila mtu kukaa nasi chini akatueleza ni kitu gani hasa, wala kwa nini maofisa wanaovisimamia hutuhumiwa kutumia vibaya madaraka.

Kitalu cha uwindaji ni eneo la pori lenye mipaka iliyochorwa, ambamo serikali huipa kampuni haki ya kuleta wageni kuwinda kwa muda uliowekwa. Kampuni hainunui ardhi, miti wala mto, na haimiliki mnyama hata mmoja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kampuni inachopewa ni ruhusa ya kuwinda wanyama kwa idadi, na idadi hiyo huitwa mgawo: nyati kadhaa, korongo kadhaa na palahala kadhaa (hawa wawili ni swala wakubwa), pengine chui mmoja au wawili, kwa msimu huo na ndani ya mipaka hiyo.

Hapa kwenye mgawo ndipo penye uzito wote. Pori ni lilelile, lakini karatasi ikiandikwa simba na chui, kitalu kinapanda thamani. Ikiandikwa kongoni na ngiri tu, kinashuka. Mgeni hasafiri kutoka Marekani au Ufaransa alale kwenye hema siku ishirini kwa ajili ya ngiri. Kwa hiyo yule anayeandika mgawo anatengeneza mali akiwa ofisini, kabla risasi hata moja haijafyatuliwa. Mgawo unapaswa kutokana na sensa ya wanyama, taarifa za doria na kumbukumbu za msimu uliopita. Sensa ya kuhesabu wanyama kutoka angani kwa ndege ni ghali na haifanyiki kila mwaka, hivyo pengo linabaki kati ya wanyama waliopo na namba iliyoandikwa. Pengo hilo linaweza kujazwa na utaalamu wa mtu mwaminifu, na linaweza kujazwa na simu ya mtu mwenye haja yake.

Nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Mjomba wangu alifanya kazi ya utraka, yaani kufuata nyayo za wanyama kwa ajili ya wawindaji, kwa misimu kadhaa upande wa Ugalla, enzi hizo likiwa bado pori la akiba. Alikuwa na daftari dogo la shule, jalada limelainika kwa jasho, ameandika kwa penseli: tarehe, mnyama, mahali, amekufa au amejeruhiwa. Hilo la kujeruhiwa alilisisitiza sana, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akapotelea vichakani huhesabiwa kwenye mgawo na kulipiwa sawa na aliyekufa. Siku moja ofisa mmoja alikuja kwenye mkutano wa kijiji akasoma hesabu za msimu. Mjomba akanyoosha mkono, daftari mkononi. "Samahani ndugu ofisa, hapa kwangu korongo ni watano. Umesoma watatu." Yule ofisa akamjibu kwa upole kabisa: "Mzee wangu, hayo ni mambo ya wizarani." Mkutano ukaendelea na ajenda ya kisima. Huenda ofisa alikuwa sahihi na mjomba amekosea. Daftari la traka si hati ya serikali. Lililoniuma ni kwamba hapakuwa na karatasi yoyote mezani ambayo wawili hao wangeweza kuitazama pamoja.

Tukirudi kwenye maana, kitalu hupita katika mikono mitatu, na kila mkono una aina yake ya tuhuma.

Wa kwanza ni mkono unaogawa. Chini ya sheria ya 2009 waziri ndiye aliyegawa vitalu kwa ushauri wa kamati maalumu. Kampuni moja haikuruhusiwa kuzidi vitalu vitano, na kampuni za kigeni zisizidi asilimia 15 ya zote zinazopewa. Nia ya kipengele hicho ilikuwa kumpa Mtanzania nafasi. Lakini mwenye jina la Kitanzania asiye na mtaji wala wageni alipata njia rahisi, yaani kuchukua kitalu akampangisha mgeni nyuma ya pazia. Watu huuita udalali wa vitalu, na sheria imeukataza. Ofisa akijua nani dalali na nani mwindaji wa kweli, akanyamaza, kunyamaza kwake kuna bei.

Malalamiko haya ni ya zamani. Mwaka 1993 mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika jinsi eneo la Loliondo, mkoani Arusha, lilivyokabidhiwa kwa afisa wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu, na nchi nzima ikajadili. Oktoba 2017 Waziri wa Maliasili na Utalii, Hamisi Kigwangalla, alifuta vibali vya vitalu vilivyotolewa Januari mwaka huo, akaagiza vitalu vigawiwe kwa mnada. Mnada wa kielektroniki ukaanza mwaka 2019 chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Mimi naona hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu bei inaonekana. Ila mnada unaonyesha nani amelipa kiasi gani. Haukuonyeshi namba ya simba kwenye mgawo imetoka wapi.

Mkono wa pili ni huo wa mgawo, nimeshausema.

Wa tatu uko porini. Kila msafara wa uwindaji huwa na mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, na askari wa wanyamapori anayesimamia kwa niaba ya serikali. Huyo askari ndiye jicho letu. Kazi yake ni kuona kwamba hakuna anayefyatua risasi kutoka ndani ya gari, hakuna jike wala ndama anayelengwa, na kila nyara inaandikwa. Sasa fikiria askari mwenye mshahara mdogo, anayelala kambi ya kampuni, anayekula chakula cha kampuni, anayerudishwa mjini kwa gari la kampuni. Mwaka 2014 mkanda wa video wa uwindaji uliovunja kanuni hizi ulifikishwa bungeni, na waziri wa wakati huo akaifutia kampuni husika leseni. Waziri aliyemfuata akairudisha. Swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa dogo tu: askari wa siku ile alikuwa amekaa wapi?

Tuhuma si hatia, na hilo lazima lisemwe. Agosti 2012 Waziri Khamis Kagasheki alitangaza kuwafukuza kazi maofisa wa Idara ya Wanyamapori kuhusiana na twiga na wanyama wengine hai waliosafirishwa kwenda Qatar mwaka 2010 kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ile haikuwa biashara ya uwindaji, lakini mzizi ni uleule wa kibali. Kufukuzwa kazi ni uamuzi wa mwajiri. Hatia hutamkwa na mahakama. Kosa lenyewe lina jina kisheria: matumizi mabaya ya madaraka, lililomo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ofisa hahitaji kushikwa na bahasha mkononi. Inatosha kuthibitishwa kwamba alitumia cheo chake kinyume cha sheria kujipatia au kumpatia mwingine manufaa yasiyostahili.

Ugalla nayo imebadilika. Mwaka 2019 ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Ila vitalu havijaisha Tanzania, na jirani yetu wa Kigoma ana pori la akiba la Moyowosi. Huku kwetu kuna jumuiya za hifadhi za Ipole wilayani Sikonge na Uyumbu wilayani Urambo, ambako vijiji vyenyewe vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama. Mwanakijiji wa huko ana haki ya kuuliza: mkataba wa mwekezaji uko wapi, mgawo wa msimu huu ni wanyama gani na wangapi, wamewindwa wangapi, na kijiji kimeingiziwa shilingi ngapi.

Mjomba ameacha utraka, sasa anafuga nyuki. Daftari lile bado analo, ndani ya sanduku la bati pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Nilipomuuliza mwaka jana kwa nini halitupi, alinijibu, "Wakija kuuliza, mwanangu, nitawapa nini?"