Mkazo wa msuguano ukutani, na namna ya kuusoma kwenye picha ya simulesheni

Kimiminika kikipita ndani ya bomba, tabaka linalogusa ukuta halisogei. Kasi huanzia sifuri hapo na kupanda kuelekea katikati. Mkazo wa msuguano ukutani ni mnato wa kimiminika ukizidishwa kwa wepesi wa kupanda huko, palepale ukutani. Hupimwa kwa paskali kama shinikizo, ila shinikizo husukuma ukuta kwenda nje, na mkazo huu huuburura kufuata mtiririko.

Chukua ateri ya shingoni: nusu kipenyo mm 3, damu mililita 6 kwa sekunde, mnato 0.0035 Pa·s. Kwa kanuni ya bomba nyoofu, 4μQ/πR³ (μ ni mnato, Q ni ujazo wa damu kwa sekunde, R ni nusu kipenyo), unapata takriban paskali 1. Shinikizo la damu humo ni kama 13,000! Hata hivyo seli za ukuta wa ndani huihisi hiyo paskali moja, na inaposhuka chini ya 0.4 hivi, hasa ateri inapogawanyika, ndipo mafuta hupenda kujijenga.

Kwa hiyo, baada ya kuuiga mtiririko kwa kompyuta (ndiyo simulesheni), tunaupaka ukuta rangi kufuata mkazo, mara nyingi kwa ParaView, programu ya kuchora matokeo hayo. Picha hutoka nzuri hata ikiwa ya uongo. Kona moja kali ikifika paskali 30, programu hutandaza rangi kuanzia 0 hadi 30, na eneo lote la 0.4 unalolitafuta linazama kwenye buluu moja. Bana kipimo kiishie 2, kona ibaki nyekundu tupu, haina neno.

Tena mkazo ni vekta, yaani una ukubwa na mwelekeo, na rangi huonyesha ukubwa tu. Pale ateri inapogawanyika, karibu na ukuta wa nje, damu hurudi nyuma, jambo ambalo bila mishale hulioni. Kwenye OpenFOAM, programu inayokokotoa mtiririko wenyewe, mishale hiyo huelekea kinyume cha mtiririko, usishtuke. Na kwa kimiminika kisichobanika, namba inazotoa zimegawanywa kwa densiti: ukiona 0.001, zidisha kwa 1,060 ya damu.

Kubwa kuliko yote ni wavu, yaani vijisehemu (navyo huitwa seli) ambavyo kompyuta hugawa kimiminika ili ikokotoe. Mteremko wa kasi, ule wepesi wa kupanda, husomwa kutoka seli ya kwanza ya wavu ukutani. Ikiwa nene, mkazo hutoka mdogo kuliko ulivyo, na hakuna rangi itakayokuonya. Mimi huanza na bomba nyoofu, mtiririko tulivu, unene uleule wa seli. Lisipotoa jibu la kanuni ile, ateri haina haja ya kupakwa rangi bado.