Faili la maandishi: wanayoamini wanaoanza, na ukweli wake

Vijana wengi wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu, huanza na zoezi la kutunza orodha kwenye faili. Hapa Arusha tuchukue bei za ng'ombe wa mnada wa Meserani, kila mstari bei moja. Zoezi ni dogo, lakini linaumiza pale mtu anapopoteza data zake kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza.

"Nikifungua kwa `w`, data za zamani zinabaki mpaka niandike mpya."
Hapana, na hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. `w`, herufi ya kuandika unayoipa amri ya `open`, hulifuta lililomo papo hapo faili linapofunguliwa, kabla hujaandika hata herufi moja. Programu ikikwama mstari unaofuata, bei za mwezi mzima zimekwenda. Kuongeza mwishoni, tumia `a`. Kwa faili jipya kabisa, tumia `x`, ambayo hugoma ikikuta jina hilo tayari lipo. Kwa maoni yangu, anayeanza afundishwe `a` kwanza, `w` ije baadaye.

"Nikishaandika, imeshahifadhiwa."
Maandishi yanaweza kusubiri kwenye kumbukumbu ya muda mpaka faili lifungwe. Tumia `with` unapolifungua; hulifunga hata kosa likitokea katikati. Tena `write` haikuvushii mstari. Usipoweka `\n`, alama ya mstari mpya, 900000 na 1200000 zitagandana.

"Namba iliyo kwenye faili ni namba."
Ukiisoma ni maandishi. Ukizipanga bei hizo mbili, 1200000 itatangulia 900000, kwa kuwa 1 huja kabla ya 9. Zipitishe kwanza kwenye `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba.

"Kiswahili hakina herufi ngeni, kwa hiyo usimbaji haunihusu."
Usimbaji ni kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi. Herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, usimbaji wa zamani wa herufi za Kiingereza, kweli. Tatizo liko kwenye alama ya neno ng'ombe. Word, na baadhi ya simu, hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Katika UTF-8, usimbaji uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, alama iliyopinda ni baiti 3. Zikisomwa kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, ambako kila baiti ni herufi yake, unapata `ng’ombe`. Faili halijaharibika, limesomwa kwa kanuni isiyo yake. Usipotaja usimbaji, matoleo mengi ya Python kwenye Windows hufuata ule wa mashine, basi andika `encoding="utf-8"` wakati wa kusoma na wa kuandika. Hata hapo, ukitafuta neno kwa alama iliyonyooka hutalipata lililoandikwa kwa iliyopinda. Zigeuze zote ziwe za aina moja kabla ya kutafuta.

"Faili liko pamoja na programu, lazima litaonekana."
Python hulitafuta kwenye folda unayoendeshea amri, ambayo huenda siyo folda ya programu.

"Nikibadili jina la faili la Word liishie na .txt, limekuwa maandishi."
Faili la Word, yaani .docx, ni kifurushi cha zip chenye mafaili mengine ndani. Jina halikibadilishi. Fungua Word yenyewe, kisha uhifadhi upya kama maandishi matupu.