5.1 kwenye boksi la homu thieta ni nini, na mwenye bajeti ndogo aanzie wapi

Pita Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwenye maduka ya redio na televisheni, utakuta maboksi yamepangwa hadi darini, na kila boksi lina namba yake: 2.1, 3.1, 5.1, siku hizi hata 7.1. Wauzaji wengi watakuambia kadiri namba inavyopanda ndivyo mziki unavyokuwa mnene. Si kweli. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu uzuri wa sauti wala ukubwa wake. Inahesabu njia za sauti, yaani sauti ngapi tofauti zinaweza kutoka kwa wakati mmoja, kila moja kwenye spika yake.

Katika 5.1, tano ni spika ya mbele kushoto, ya mbele kulia, ya kati, na mbili za pembeni zinazokaa nyuma kidogo ya msikilizaji. Ile moja baada ya nukta ni njia ya sita, ya besi peke yake: mngurumo, mlipuko, radi. Inaandikwa hivyo kwa sababu haibebi sauti nzima. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000 hivi, lakini njia hii inakomea kwenye hezi 120. Ukielewa hapo, namba nyingine zinajieleza: 2.0 ni stereo ya kawaida, na 2.1 ni stereo iliyoongezewa sabufa. (Hapa ninaposema sabufa ninamaanisha lile boksi la besi tu, si seti nzima kama tulivyozoea mtaani.)

Mpangilio huu ulianzia kwenye kumbi za sinema. Dolby Digital, utaratibu wa kubana njia hizo sita ziingie kwenye rekodi moja, iliingia kwenye kumbi mwaka 1992, kisha ikaenea majumbani kupitia DVD, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Watengenezaji wa filamu wakazigawia kazi zile njia, na mgawanyo huo haujabadilika sana hadi leo. Karibu maneno yote ya waigizaji huwekwa kwenye spika ya kati. Mziki na vitu vinavyopita kwenye skrini huenda kushoto na kulia. Spika za pembeni hupewa mvua, makelele ya umati, helikopta inayotokea mgongoni. Ndiyo maana mtu ambaye spika yake ya kati ni mbovu hushika rimoti filamu nzima: anapandisha sauti asikie mazungumzo, anaishusha haraka risasi zikianza.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotezea watu hela. Ili sauti ya 5.1 ikufikie sebuleni, mambo matatu lazima yatimie kwa pamoja: kilichorekodiwa kiwe na njia sita, waya unaoipeleka uweze kuzibeba, na kifaa kinachopokea kijue kuzifumbua. Likikosekana moja, unasikiliza stereo inayotokea kwenye spika tano.

Kwenye kilichorekodiwa, kuwa mkweli kuhusu unachokitazama. Nyimbo karibu zote ni stereo. Filamu zilizotafsiriwa na madijei, ambazo ndizo zinazotazamwa sana katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, mara nyingi hutoka na stereo tu, kwa kuwa sauti ya dijei imelazwa juu ya filamu na vyote vikabanwa upya. Filamu za DVD, Blu-ray na nyingi za kulipia mtandaoni zina 5.1 halisi.

Waya ndipo wengi wanapokwama. Zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, zinabeba njia mbili, basi. Hata king'amuzi au televisheni ikiwa na njia sita ndani yake, kwenye nyekundu na nyeupe zitatoka mbili. Bluetooth ya kawaida nayo ni stereo. Zinazobeba 5.1 kutoka kwenye televisheni ni mbili tu za maana kwa mwenye bajeti ndogo. Ya kwanza ni waya wa mwanga, ule wenye taa nyekundu mdomoni, ambao nyuma ya televisheni tundu lake huandikwa OPTICAL. Ya pili ni HDMI, lakini si tundu lolote: ni lile lililoandikwa ARC, utaratibu uliokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, ambao huirudisha sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye amplifaya. Ukishachomeka, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni. Ikiwa imewekwa PCM, televisheni itabana kila kitu kiwe stereo kabla ya kukitoa kwenye waya wa mwanga. Iweke kwenye chaguo linaloruhusu Dolby Digital kupita bila kuguswa. Nimeona watu wakiishi miaka na homu thieta nzuri iliyozimwa nusu na neno hilo moja, PCM.

Kifaa cha kupokea ndicho chenye hila zaidi. Geuza seti nyingi za bei rahisi zinazoitwa 5.1 uangalie mgongo wake: utakuta nyekundu na nyeupe, tundu la flashi, antena ya FM, na Bluetooth. Hakuna tundu la mwanga, hakuna HDMI, hakuna nembo ya Dolby wala ya DTS, mshindani wake. Seti hiyo haina mlango wa kuingizia njia sita isipokuwa iwe na matundu sita ya waya za kawaida, na hayo yanahitaji deki inayotoa sita. Bila hayo, spika zake tano zinarudia kushoto na kulia tu. Si dhambi, kwenye sherehe inaweza hata kupendeza. Ila umelipia spika tatu ambazo hazina jipya la kusema, na fedha hiyo ilitolewa kwenye ubora wa zile mbili za kwanza.

Namba ya pili kwenye boksi ni wati, na hapo uongo ni mkubwa kuliko kwenye 5.1. Ukiona PMPO 10,000W, jua kwamba PMPO haina kanuni yoyote inayokubalika ya kuipima. Mtengenezaji huandika anachotaka. Tafuta RMS, ambayo ni nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Kama haijaandikwa, soma kibandiko kilicho mgongoni karibu na waya wa umeme. Kikisema AC 220–240V, 60W, hizo 60 ndizo kifaa kinachovuta kutoka ukutani, na amplifaya haizalishi umeme wake. Kwenye mshindo mfupi inaweza kuzidi kwa msaada wa kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, lakini 60 haigeuki kuwa elfu kumi.

Habari njema ni kwamba sebule haihitaji wati nyingi. Chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 88 kwa wati moja ukiwa mita moja. Ukikaa mita tatu, wati hiyo moja inakufikia ikiwa desibeli 78 au 79, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Ipe wati 20 za kweli, unapita 90, na jirani ameshagonga ukuta. Kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli tatu tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo kulipia zaidi ili utoke wati 50 hadi 70 ni kununua karatasi.

Kinachostahili kulipiwa ni ukubwa wa spika za mbele. Spika vidogo vya inchi tatu, vile vinavyotoshea kiganjani, haviwezi kushuka chini ya hezi 150 hivi kwa nguvu ya maana. Mtengenezaji hana budi kuiachia sabufa kazi yote iliyobaki, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chini ya hezi 80 hivi sikio halijui besi inatokea upande gani, ndiyo maana sabufa inaweza kufichwa kando ya kochi. Ukiipandisha hadi 150 au 200, siri inafichuka: sauti ya mtangazaji mwanamume inaanza kutokea sakafuni, kwenye kona, wakati uso wake uko kwenye skrini. Spika za mbele zenye koni ya inchi tano au sita huondoa tatizo hilo zenyewe, kwa kuwa zinashuka vya kutosha na sabufa inabaki na kazi yake halali.

Kwa mtazamo wangu, basi, mwenye bajeti ndogo asianze na 5.1. Anunue spika mbili nzuri za mbele na kifaa kinachoweza kupanuliwa, atazame filamu kwa 2.0 miezi kadhaa, kisha aongeze ya kati, halafu sabufa, na za pembeni zije mwisho kabisa. Hata kama ataishia njiani, kila hatua inasikika. Anayetaka kitu kimoja cha kuchomeka na kumaliza, saundiba, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya televisheni, yenye sabufa yake na tundu la ARC ni chaguo la heshima, hasa kwenye chumba cha kupanga ambako waya tano ukutani zitamchokoza mwenye nyumba. Ila saundiba huwa haipanuliki. Ukiichoka unauza yote.

Kifaa kinachopanuliwa ni risiva, ile amplifaya pana yenye matundu mengi nyuma. Mpya ni ghali. Lakini za mtumba za Yamaha, Denon, Onkyo, Sony au Pioneer zilizotoka katikati ya miaka ya 2000 huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hazina HDMI, na watu wanazikwepa. Nyingi zina tundu la mwanga na zinafumbua Dolby Digital na DTS bila shida. Kwa filamu za 5.1 hicho ndicho unachokihitaji. Hutapata Dolby Atmos, utaratibu wa mwaka 2012 unaotaka na spika za juu, lakini sebule yenye bati lisilo na dari haikuwa inakwenda huko hata hivyo.

Kabla ya kulipia risiva na spika, soma namba ya ohmu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, nyuma ya vyote viwili. Risiva iliyoandikwa kuanzia ohmu 6 au 8 isifungwe spika za ohmu 3 au 4 zilizong'olewa kwenye homu thieta ya boksi. Itavuta umeme mwingi, itachemka, na itajizima au kuungua. Waya wa spika hauhitaji kuwa wa kifahari. Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa sebule, na 2.5 kama unazunguka chumba hadi nyuma. Angalia tu chanya na hasi zisipishane, kwa sababu spika mbili zilizofungwa kinyume hula besi ya mwenzake.

Chumba chenyewe nacho ni kifaa, tena kile usichokinunua. Kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo hurudisha sauti hadi maneno yanasigana. Zulia mbele ya spika, mapazia mazito na kochi la kitambaa hufanya kazi ambayo hakuna kitufe cha rimoti kitakachoifanya. Besi ina tabia yake: katika chumba chenye urefu wa mita 4, mawimbi ya hezi 43 hivi hujazana ukutani na kupungua katikati, hivyo aliyeegemea ukuta wa nyuma anatikiswa na aliye katikati anauliza kama sabufa imewashwa. Kuisukuma sabufa nusu mita kutoka kwenye kona mara nyingi husaidia kuliko kununua kubwa zaidi. Spika za mbele zitengane kiasi kwamba wewe na zenyewe mnatengeneza pembetatu yenye pande sawa, matwita, zile koni ndogo za sauti nyembamba, yakiwa usawa wa masikio. Za pembeni, kama kochi liko ukutani, zifunge kwenye kuta za kando, juu kidogo ya kichwa.

Jambo moja kuhusu mtumba. Vifaa vya sauti vinavyoingia kwenye maduka yetu vinatoka kwenye nchi zenye umeme tofauti. Kibandiko kikisema 230V au 220–240V, chomeka. Kikisema 100V, kilitengenezwa kwa ajili ya Japani. 120V, kwa ajili ya Marekani. Ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, ukiwa na bahati inakufa fyuzi, usipokuwa nayo linakufa transfoma la ndani. Vinafanya kazi vizuri kabisa kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Transfoma hiyo nayo ina bei, kwa hiyo ijumlishe kwenye bei ya risiva kabla hujaanza kupatana.