Je, wajua kwa nini spageti ya Ufilipino ni tamu ya sukari, na inapikwaje nyumbani?

Neno "tamu" kwa Kiswahili lina kazi mbili. Pilau iliyokolea viungo ni tamu, na chai iliyotiwa sukari ni tamu. Spageti ya Ufilipino ni tamu kwa maana zote mbili: mchuzi wake mwekundu una sukari, una ndizi ndani yake, una nyama ya kusaga na vipande vya soseji, na juu hunyunyiziwa jibini ya kukwaruza. Aliyezoea spageti ya Kiitaliano, akiionja mara ya kwanza, hudhani mpishi amekosea kopo. Hajakosea. Mtu wa Pwani aliyekula tambi za sukari zenye iliki asubuhi ya Idi ameshaona tambi zikikutana na sukari, na Wasomali wanaokula baasto na ndizi pembeni wameshaona nusu ya pili ya jambo lenyewe. Wafilipino wameviweka vyote kwenye sufuria moja, pamoja na nyama.

Tambi zilifika Ufilipino zamani kuliko spageti. Zililetwa na wafanyabiashara wa Kichina, zikawa chakula kiitwacho pancit, na pamoja nazo ikaja imani kwamba tambi ndefu ni dua ya maisha marefu. Ndiyo maana siku ya kuzaliwa mtu hapakosi tambi, na ndiyo maana hazikatwi. Kisha, kuanzia 1898 hadi 1946, nchi ikawa chini ya Marekani, na madukani vikajaa vitu vya kopo na vya kiwandani: nyanya ya kopo, maziwa ya kopo, jibini, soseji, ketchapu. Spageti iliingia kupitia mlango uliofunguliwa na pancit, yaani karamu ya kuzaliwa, na ikakuta walaji waliokwisha kuzoea nyama yenye sukari. Kisiwa cha Negros ni nchi ya miwa, na tocino na aina nyingi za longganisa, nyama na soseji zinazoliwa asubuhi na wali, hutiwa sukari wazi kabisa.

Kilichobaki ni kupata mbadala wa nyanya, na hapo ndipo ndizi inapoingia. Maria Orosa, mkemia wa vyakula aliyezaliwa Taal katika mkoa wa Batangas na kusomea Seattle, alirudi nyumbani akiwa na nia moja: kupunguza utegemezi wa vyakula vya kuagizwa kwa kutumia mazao ya nchi yake. Ketchapu ya nyanya ilitoka nje na bei yake ilikuwa juu. Ndizi zilikuwa kila shamba. Miaka ya 1930 alitengeneza ketchapu ya ndizi. Aliuawa Manila Februari 1945, jiji lilipokuwa likipigwa mizinga mwishoni mwa vita, na leo mtaa mmoja wa jiji hilo una jina lake. Uzalishaji wa kibiashara ulianzishwa na Magdalo V. Francisco mwaka 1942, kwa jina la Mafran, lililotokana na majina yake mawili. Mkahawa wa Jollibee ulipoanza kuuza spageti ya aina hii mwishoni mwa miaka ya 1970, ladha ambayo watoto waliijua kwenye karamu za nyumbani ikawa inapatikana siku yoyote.

Sasa jikoni. Jambo la kushika kabla ya kuwasha moto ni hili: utamu wa mchuzi huu hautoki kwenye bakuli la sukari. Unatoka kwenye ketchapu ya ndizi, unazuiwa na siki na nyanya, unasimamishwa na chumvi ya soseji na jibini, na unalainishwa na maziwa. Sukari yenyewe huja mwisho kabisa, kijiko kimoja au viwili. Wanaoanza na sukari hupata kitu kinachofanana na jemu yenye nyama.

Dubai, Doha au Muscat, ambako Wafilipino ni wengi, chupa ya ketchapu ya ndizi hupatikana kwenye maduka yanayowahudumia. Kwingineko ni afadhali kuitengeneza, kwani kuponda ndizi na kuichanganya na tomato sosi ya dukani huacha harufu ya ndizi isiyopikwa kwenye nyama. Wafilipino hutumia ndizi iitwayo saba: nene, fupi, yenye pembe, ndizi ya kupika. Kwetu bokoboko inafaa sana, na mzuzu ulioiva nao unafaa. Kisukari ina harufu kali ya tunda na itaumeza mchuzi wote. Ndizi iwe imeiva hadi ganda lina madoa meusi. Ikiwa na ukijani bado, wanga wake haujageuka sukari, na ketchapu itakuwa nzito kama uji na yenye ukakasi.

Kaanga kitunguu maji kimoja cha kiasi na punje tatu za saumu kwa vijiko viwili vya mafuta hadi vilainike bila kubadilika rangi. Tia kijiko kimoja cha chakula cha nyanya ya kopo, robo kijiko cha chai cha mdalasini, karafuu mbili zilizosagwa na pilipili manga kidogo. Koroga dakika moja. Ongeza ndizi zilizomenywa na kupondwa gramu 400, siki ml 120, maji ml 250, sukari ya kahawia gramu 80 na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Pika kwa moto mdogo dakika 20, saga kwenye blenda hadi ilainike kabisa, irudishe motoni dakika 10 nyingine ukikoroga mfululizo. Itakuwa ya hudhurungi, na hiyo ndiyo rangi halisi ya ndizi iliyopikwa. Wekundu wa chupa za dukani ni rangi iliyotiwa kiwandani. Kama watoto wanataka wekundu, ongeza kijiko kingine cha nyanya ya kopo au kipande kidogo cha bitiruti kabla ya kusaga. Utapata kama nusu lita na zaidi kidogo. Kwenye chupa safi ndani ya friji inakaa wiki mbili.

Kwa watu sita unahitaji spageti gramu 500, nyama ya kusaga gramu 300, soseji gramu 250, kitunguu maji kikubwa kimoja, punje tano za saumu, nyanya ya kopo gramu 140, maji ml 500, ketchapu ya ndizi ml 250, maziwa ya kopo yasiyo na sukari ml 120 na jibini gramu 150. Ufilipino nyama mara nyingi ni ya nguruwe, au nguruwe na ng'ombe pamoja. Ng'ombe peke yake inafanya kazi vizuri, mradi isiwe kavu mno. Soseji wanazotumia ni za aina ya hotidogi, laini, nyekundu kwa nje. Za kuku au ng'ombe hazipunguzi kitu. Soseji zenye viungo vikali, kama zile zilizojaa bizari na pilipili, ndizo zinazoharibu.

Kata soseji mshazari, vipande vya unene wa nusu sentimita, uzikaange peke yake dakika tatu hadi kingo zijikunje na kupata wekundu wa kuungua kidogo. Zitoe. Zikitiwa mbichi kwenye mchuzi hunyonya maji, huvimba, na huwa kama sponji. Katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu, kisha saumu, kisha nyama. Nyama itatoa maji; usiharakishe. Subiri maji yakauke na sauti ibadilike kutoka kuchemka hadi kukaanga, kwa kawaida dakika nane hadi kumi. Ukitia nyanya kabla ya hapo, nyama inabaki ya kijivu na yenye harufu ya kuchemshwa.

Sogeza nyama pembeni, tia nyanya ya kopo palipo na mafuta, ikaange dakika tatu hadi mafuta yageuke mekundu. Rangi ya nyanya huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na hatua hii ndiyo inayoondoa ubichi wa kopo. Tia maji, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, jani la kiungo liitwalo bei (bay leaf) ukiwa nalo. Funika, acha itokote kwa moto mdogo dakika 15.

Ketchapu ya ndizi inaingia baada ya hapo, pamoja na soseji, kwa dakika 10 za mwisho. Ina sukari na wanga wa ndizi. Ikiwekwa mapema inatulia chini na kushika sufuria, na mchuzi uliounguza sukari huwa mchungu, uchungu ambao hautibiki. Tumia mwiko bapa na ukwangue chini kila baada ya dakika moja au mbili. Ikishika, usikwangue tena: hamishia mchuzi wa juu kwenye sufuria nyingine, acha lililoungua libaki.

Punguza moto hadi mchuzi uache kuchemka, ndipo utie maziwa. Nyanya na siki ni asidi, na asidi pamoja na moto mkali hufanya protini za maziwa zigande: maziwa yanakatika, mchuzi unakuwa na chembechembe nyeupe. Chota mchuzi kidogo, uchanganye na maziwa kwenye kikombe, kisha mimina polepole huku ukikoroga. Maziwa mazito yenye sukari nayo hutumiwa na baadhi ya wapishi, lakini yakitumika, sukari yote iondolewe kwenye hesabu.

Tia nusu ya jibini sasa. Wafilipino hutumia jibini iliyosindikwa, inayouzwa kwenye paketi ndogo au kopo, na katika chakula hiki hiyo ni bora kuliko cheda ya gharama. Ina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, hivyo inayeyuka laini. Cheda iliyokomaa huachia mafuta yake juu ya mchuzi na kubaki na mikunjo kama mpira.

Hapo ndipo uonje, kwa sababu maziwa yamepunguza uchachu na jibini imeongeza chumvi. Tia sukari kijiko kimoja cha chakula, koroga, subiri dakika mbili, onja tena. Ladha inayotafutwa ni tamu inayofika kwanza, kisha chumvi, kisha uchachu mdogo unaobaki pembeni mwa ulimi. Ikiwa imezidi utamu, usiongeze maji, kwani utapata kitu chapwa na kitamu kwa pamoja. Kaanga kijiko cha nyanya ya kopo pembeni, ukichanganye, na utie siki kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo.

Spageti ipikwe kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, lita tano, chumvi vijiko viwili vya chakula. Chumvi hiyo ni muhimu kuliko kwenye spageti nyingine, maana tambi chapwa chini ya mchuzi mtamu huufanya uonekane mtamu maradufu. Usizivunje; zisukume taratibu zinapolainika. Wafilipino hawapendi kiini kigumu katikati, kwa hiyo ongeza dakika moja au mbili juu ya muda wa paketi, zisizidi hapo. Chuja, changanya na kijiko cha siagi zisigandane.

Karamuni, tambi huwekwa kwenye sinia, mchuzi humwagwa juu, jibini iliyobaki hunyunyizwa mwisho, na kuku wa kukaanga huwa pembeni. Chakula kikisubiri wageni zaidi ya nusu saa, weka mchuzi mbali na tambi, la sivyo tambi zitaunywa wote na utakuta sinia kavu. Kilichobaki kikalala kwenye friji kipashwe kwa moto mdogo na vijiko vitatu vya maziwa ya kopo; kesho yake soseji zimekwisha kukolea mchuzi, na wengi huona hiyo ndiyo sahani nzuri zaidi.