Rais wa Marekani halazimishwi kushika Biblia
Tangu Mama Samia aapishwe Ikulu hapa Dar, 19 Machi 2021, akiwa na Kurani mkononi, vijiweni Kariakoo bado utasikia eti Marekani hilo haliwezekani, katiba yao inalazimisha Biblia. Hapana jamani. Kiapo chao kipo Ibara ya 2, kifupi tu, humo Mungu hatajwi wala kitabu chochote, tena Ibara ya 6 inakataza kabisa kuweka dini kama sharti la kupewa cheo serikalini, ndo maana Theodore Roosevelt mwaka 1901, Rais McKinley alipouawa, aliapishwa harakaharaka bila Biblia na akawa rais halali kabisa. Yale maneno "Mungu nisaidie" mwishoni ni mazoea, wanaongezea wenyewe.